Maiti, Mipaka na Maradhi: Ebola ya Afrika ya Magharibi (2013–2016) Katika Mizani ya Fiqhi na Historia

  

Ndugu msomaji, katika madarasa yetu ya fiqhi mlango wa janaza husomwa upesi upesi. Wanafunzi huhifadhi kwamba maiti Muislamu ana haki nne juu ya walio hai: kuoshwa, kukafiniwa, kusaliwa na kuzikwa. Kisha huja masuala ambayo mwanafunzi huyaona kama mafumbo ya vitabuni tu: maiti aliyeungua moto, maiti aliyefukiwa shimoni, maiti ambaye akiguswa na maji nyama zake huachana. Anauliza, "Haya hutokea wapi, sheikh?" Yalitokea Guinea, Sierra Leone na Liberia, kwa maelfu, baina ya mwaka 2013 na 2016. Na kwa kuwa hatukuona habari hizi zimeandikwa vya kutosha kwa lugha yetu kwa jicho la fiqhi, tumeonelea tuzieleze hapa.

Maradhi yalianzia katika kijiji cha Meliandou, wilaya ya Guéckédou, kusini-mashariki mwa Guinea, mwezi Disemba 2013, na wa kwanza kufa alikuwa mtoto mdogo. Mahali hapo ni pembe ya mipaka mitatu: Guinea, Sierra Leone na Liberia. Watu wa pande zote ni ndugu, wanaoana, wanauziana mpunga na mawese, na wanazikana. Mpaka kwao ni mstari uliochorwa na wakoloni ambao mguu wa mtu hauuoni. Kwa miezi mitatu watu walikufa bila ya kujulikana wanakufa kwa nini, kwani homa, kutapika na kuharisha ni mambo ya kawaida katika nchi za malaria na kipindupindu. Ilikuwa Machi 2014 ndipo maabara za Ufaransa zilipothibitisha kuwa ni Ebola. Kabla ya mwezi huo kwisha Liberia ilikuwa imeingia, na mwezi Mei ikafuata Sierra Leone.

Inatupasa tufahamu namna maradhi haya yanavyoambukiza, kwani hukumu ya jambo ni tawi la kulifahamu lilivyo. Kirusi cha Ebola hakienei kwa hewa kama mafua. Kinapita kwa damu, matapishi, jasho na maji maji mengine ya mgonjwa, yakigusa utando laini wa macho, pua au mdomo, au ngozi iliyochubuka. Mtu aliyeambukizwa hukaa siku 2 hadi 21 kabla ya dalili kutokea, na katika muda huo haambukizi wengine. Kadiri ugonjwa unavyozidi, ndivyo virusi vinavyoongezeka mwilini, hata ikawa hatari kubwa kabisa ni pale anapokaribia kukata roho na baada ya kufa. Kwa hiyo wanaoambukizwa ni mama anayemuuguza mtoto, muuguzi wa hospitali, na mtu anayeosha maiti. Huangalii mwovu akapatikana na mwema akanusurika. Maradhi haya yalifuata njia za huruma, na hapo ndipo ulipo uzito wake kwetu.

Huko Kailahun, mashariki mwa Sierra Leone, mazishi ya mganga mmoja wa kienyeji yaliyohudhuriwa na watu wengi ndiyo yaliyoeneza moto katika nchi ile. Wagonjwa walipelekwa hospitali ya Kenema, ambako daktari Sheik Umar Khan, bingwa wa homa ya Lassa, aliongoza matibabu. Naye akaambukizwa, akafariki tarehe 29 Julai 2014. Katika nchi tatu hizo walikufa watumishi wa afya zaidi ya 500, katika nchi ambazo tangu awali madaktari wao walikuwa wa kuhesabika. Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura ya kimataifa tarehe 8 Agosti 2014, miezi mitano baada ya ugonjwa kujulikana. Wengi wamelilaumu shirika hilo kwa kuchelewa, na lenyewe lilikuja kukiri. Mpaka mwisho wa janga, katika nchi tatu hizo wagonjwa walikuwa zaidi ya 28,600 na waliokufa zaidi ya 11,300.

Sasa tuje kwenye maiti. Guinea na Sierra Leone ni nchi zenye Waislamu wengi, na Liberia Waislamu wake ni wachache lakini wanajulikana. Kumwosha maiti ni fardhi kifaya, na kwa watu wale, kama kwetu, ni jambo la heshima linalofanywa na jamaa wa karibu kwa mikono yao. Wakatokea watu wamevaa mavazi ya plastiki toka utosini hadi unyayoni, nyuso hazionekani, wananyunyiza dawa ya klorini, wanamtia marehemu ndani ya mfuko na kuondoka naye. Jamaa hawaambiwi amezikwa wapi. Mwanamke anabebwa na wanaume wasiokuwa maharimu zake. Hakuna aliyemsalia. Je, watu wangefanya nini? Walificha wagonjwa, wakazika usiku. Vikosi vya mazishi vikapigwa mawe. Katika kijiji cha Womey, kusini mwa Guinea, mwezi Septemba 2014 ujumbe uliokwenda kuelimisha watu ulishambuliwa na watu 8 wakauawa, wakiwemo maafisa, watumishi wa afya na waandishi wa habari. Hatuwezi kuihalalisha damu hiyo hata kidogo. Lakini mwanahistoria akiandika kwamba watu wale walikuwa wajinga tu, basi hajaandika historia.

Liberia ilikwenda mbali zaidi. Mwezi Agosti 2014 serikali iliamuru miili ya waliokufa katika mji mkuu, Monrovia, ichomwe moto, kwa kuwa makaburi yalikuwa hayatoshi na watu wa vitongoji walikataa maiti hao kuzikwa karibu nao. Kuchoma maiti ni jambo lisilojulikana katika Uislamu, wala katika mila za Waliberia Wakristo na wengineo. Matokeo yake yalikuwa kinyume cha makusudio: wagonjwa walizuiliwa majumbani, kwani nani atampeleka mama yake hospitali akijua atarudishiwa habari ya majivu? Mwisho wa mwaka ule ndipo lilipopatikana eneo la Disco Hill, nje ya mji, watu wakaanza kuzikwa humo kila mmoja na kaburi lake, jamaa wakisimama kwa mbali wakishuhudia. Uchomaji ukaachwa.

Je, fiqhi ilikuwa na jawabu? Ilikuwa nalo, tena la zamani. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, Imamu Nawawi katika Minhaj na wafafanuzi waliomfuata wamelieleza wazi: maiti ambaye haiwezekani kumwosha, anatayamamishwa. Wametoa mfano wa aliyeungua ambaye akioshwa atamomonyoka. Illa yake ni kutowezekana josho, na khofu ya kumdhuru muoshaji inaingia humo, kwa sababu uhai wa aliye hai unatangulizwa mbele ya haki ya maiti. Ikiwa mtu aliye hai mwenye jeraha anaruhusiwa kuacha maji kwa ajili ya nafsi yake, kwa msingi wa aya ya 6 ya Suratul Maida na dalili nyenginezo, vipi asiruhusiwe kuyaacha anayeogopea kifo kwa yakini ya matabibu?

Wako waliosema: aliyekufa kwa maradhi haya ni shahidi, na shahidi haoshwi, basi mas'ala yamekwisha. Kauli hii imesikika, na ni dhaifu. Ni kweli kwamba Mtume (S.A.W.) amemhesabu aliyekufa kwa tauni kuwa ni shahidi, na wanachuoni wamewaingiza wengine katika fadhila hiyo. Lakini Shafi na wengineo wamepambanua baina ya shahidi wa vita, ambaye haoshwi wala hasaliwi, na shahidi wa Akhera, ambaye ana thawabu za shahidi lakini hukumu zake za duniani ni kama za maiti wengine. Sayyidna Umar (R.A.) mwenyewe aliuawa shahidi, na aliosha na kusaliwa na Maswahaba. Kwa hiyo kinachoondosha josho kwa maiti wa Ebola ni dharura. Tofauti hii si ya maneno tu, kwani anayeshika hoja ya ushahidi ataiacha na Sala pia, na hapo atakuwa amempokonya maiti haki yake bila ya sababu.

Ugumu wenyewe uko katika tayamamu. Kwa asili yake ni kupaka udongo usoni na mikononi, na katika Ebola hata huko kugusa ni hatari, isipokuwa kwa aliyefundishwa na kuvaa mavazi ya kinga. Akiwepo Muislamu wa namna hiyo katika kikosi, amtayamamishe akiwa na glavu zake kabla ya mfuko kufungwa, na hilo ndilo lililo karibu zaidi na kauli za mafaqihi. Mfuko ukishafungwa je? Kupaka juu ya mfuko si tayamamu kwa ufafanuzi wa vitabu vyetu. Na kauli inayotegemewa na wakubwa wa madhehebu katika aliyekosa josho na tayamamu ni kwamba hasaliwi, kwani usafi wa maiti ni sharti ya kusihi Sala. Lakini baadhi ya wanachuoni wa baadaye waliikataa kauli hiyo, na Khatib Shirbini amelitaja hilo katika Mughni al-Muhtaj. Hoja yao ni kanuni mashuhuri kwamba kilichowezekana hakianguki kwa sababu ya kilichoshindikana, na kwamba makusudio ya Sala hii ni dua kwa maiti. Sisi tunaona kauli hii ya pili ndiyo inayofaa kushikwa wakati wa janga. Na lau masheikh wa Freetown na Conakry wangeishika ile ya kwanza, maelfu ya Waislamu wangezikwa bila ya takbira moja.

Alhamdulillah, masheikh wale hawakulala. Hapo mwanzo baadhi yao walinyamaza, na wako waliosema kwamba Ebola ni adhabu au ni uzushi wa wazungu. Lakini Sierra Leone maimamu na wachungaji walikaa pamoja, wakisaidiwa na taasisi ya FOCUS 1000, Waislamu wakatoa dalili zao na Wakristo za kwao, kisha khutba za Ijumaa zikawa zinazungumza lugha moja na ya wizara ya afya. Mwezi Novemba 2014 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo mpya wa mazishi ya salama na ya heshima, uliotayarishwa pamoja na mashirika ya dini, likiwemo Islamic Relief. Ndani yake imo tayamamu, imo sanda nyeupe, imo ruhusa ya jamaa kuhudhuria, kuomba dua na kujua kaburi la mtu wao. Baadhi ya vikosi viliongezwa wanawake. Maiti hakuguswa na jamaa zake wakati wa mwongozo ule kama ambavyo hakuguswa kabla yake. Kilichobadilika ni kwamba jamaa waliulizwa. Na watu wakaanza kupiga simu wenyewe kuita vikosi.

Mtu anaweza kudhani kwamba tunakuza jambo la kuosha maiti. Basi na asikilize habari ya Mali. Mwezi Oktoba 2014 imamu mwenye umri wa miaka 70, kutoka upande wa Guinea karibu na mpaka wa Mali, aliugua na akasafirishwa na jamaa zake mpaka Bamako, akalazwa katika zahanati moja ya binafsi kwa maradhi ya figo. Hakupimwa Ebola. Akafariki tarehe 27 Oktoba. Kwa kuwa alikuwa mtu mwenye heshima, mwili wake ulipelekwa msikitini Bamako, ukaoshwa kama sheria ilivyo, kisha ukarejeshwa kwao kuzikwa mbele ya umati. Wiki mbili baadaye muuguzi aliyemhudumia alifariki, ndipo watu walipozinduka. Daktari akafuata, na wengine miongoni mwa waliomkaribia. Kabla ya hapo Mali ilikuwa imepata mgonjwa mmoja tu, mtoto wa kike aliyeletwa kutoka Guinea. Jumla walikuwa wagonjwa 8, wakafa 6, na tarehe 18 Januari 2015 nchi ikatangazwa kuwa salama, baada ya mamia ya watu kufuatiliwa siku kwa siku. Waliomwosha imamu yule walifanya ibada kwa nia njema. Hakuna aliyewaambia, na wao hawakuwa na njia ya kujua. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Ama kuhusu mipaka, hapa historia yetu ina neno zito. Mwaka 18 Hijria (639 Miladia) tauni iliingia Amwas katika nchi ya Sham. Sayyidna Umar (R.A.) alikuwa safarini kuelekea huko. Alipofika Sargh, alipokewa na makamanda wakiongozwa na Abu Ubayda ibn al-Jarrah (R.A.), wakampa habari. Bukhari na Muslim wamepokea kisa hiki kwa urefu. Umar aliwaita Muhajirina wa mwanzo, wakakhitalifiana. Akawaita Ansari, nao wakakhitalifiana. Akawaita wazee wa Kikureshi waliohajiri wakati wa Ukombozi wa Makka, nao wakakubaliana kwa kauli moja kwamba arejee na watu. Abu Ubayda alipomuuliza iwapo anaikimbia Qadari ya Mwenyezi Mungu, Umar alimjibu kwamba anatoka katika Qadari moja kwenda katika nyengine, akampigia mfano wa mchunga ngamia mwenye bonde lenye pande mbili, moja lina malisho na moja kavu. Ndipo akaja Abdurrahman ibn Awf (R.A.), ambaye hakuwepo, akawaeleza kuwa Mtume (S.A.W.) amekataza kuingia katika nchi yenye tauni, na amekataza kutoka humo kwa kuikimbia.

Tuzingatie kwamba Umar aliamua kabla ya hadithi kumfikia, kwa mashauriano na kwa kutazama maslahi ya watu. Na wanachuoni, akiwemo Ibn Hajar al-Asqalani katika kitabu chake Badhl al-Maun, wamebainisha kwamba tauni ni maradhi mahsusi na si kila waba ni tauni. Ebola kwa istilahi hiyo ni waba. Hata hivyo maana ya katazo, ambayo ni kuzuia madhara yasihame kwa miguu ya watu, imo humo kikamilifu. Abu Ubayda alibaki na askari wake hata Umar alipomwandikia aje, naye akafa kwa tauni, kisha Muadh ibn Jabal, na wengi wengineo. Wanahistoria wametaja watu 25,000. Uongozi ukafika kwa Amr ibn al-As (R.A.), ambaye aliwaamuru watu watawanyike milimani. Baadhi walimpinga kwa maneno makali, lakini watu walitawanyika, maradhi yakaondoka, na Umar alipopata habari hakulikataa jambo hilo.

Ibn Hajar naye si mtu aliyeandika kutoka mbali. Aliwazika binti zake kwa tauni. Katika kitabu hicho anasimulia kwamba Cairo, mwaka 833 Hijria, watu walitoka jangwani kwa maelfu kuomba dua baada ya kufunga siku tatu. Wakati huo waliokuwa wakifa kwa siku hawakufika 40. Kabla ya mwezi kwisha walikuwa wamepita 1,000 kwa siku. Maimamu waliofunga misikiti yao au kupunguza mikusanyiko wakati wa Ebola, na tena wakati wa korona mwaka 2020, wakalaumiwa kwamba wamezua jambo, wana hoja hii kutoka kwa mwanachuoni ambaye hakuna anayemtilia shaka.

Mwaka 2014 Saudi Arabia haikutoa viza za Hijja kwa watu wa nchi tatu zile. Watu walilia, na haki yao kulia, kwani wengine waliweka akiba umri mzima. Kifiqhi hilo ni katazo la hadithi likitekelezwa na serikali, na aliyezuiliwa ana udhuru. Lakini kuna upande wa pili ambao tunapenda kuutaja sana. Kumzuia mtu kutoka kunazaa haki juu ya aliyemzuia. Mwezi Agosti 2014 serikali ya Liberia iliuzingira mtaa wa West Point, Monrovia, wenye makumi ya maelfu ya maskini, kwa seng'enge na askari. Chakula kikapanda bei, watu wakapambana na askari, kijana mmoja akapigwa risasi akafa. Siku kumi baadaye uzio ukaondolewa. Linganisha na Nigeria: Julai mwaka ule msafiri mgonjwa kutoka Liberia aliingia Lagos, mji wa mamilioni. Daktari Stella Ameyo Adadevoh alimzuia asitoke hospitali, naye akalipa kwa uhai wake. Waliokaribiana na wagonjwa wakatafutwa mmoja mmoja, watu 894, wakatembelewa majumbani mara zipatazo 18,500. Wagonjwa wakaishia 20, wakafa 8, na Oktoba nchi ikawa salama. Mtaa mzima haukuzingirwa.

Mwaka 2015 chanjo ilijaribiwa Guinea kwa kuwachanja waliomzunguka kila mgonjwa, ikaonyesha kinga kubwa, na mwezi Juni 2016 Guinea na Liberia zilitangazwa kwa mara ya mwisho kuwa hazina maambukizi hayo. Chanjo hiyo ndiyo iliyotumika Kivu, kwa ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili, kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020, na bado wagonjwa walikuwa 3,470 na waliokufa 2,287, kwani vita na kutoaminiana havina chanjo. Juni 2019 familia moja iliyotoka Uganda kwenda kumzika mzee wao Kongo ilirejea Kasese na ugonjwa. Marburg, ndugu ya Ebola na isiyokuwa na chanjo iliyoidhinishwa, ilitokea Kagera Machi 2023, ikaua watu 6, na ikarudi Biharamulo Januari 2025, ikaua 10.

Katika wilaya zile za Kagera, kama kwengineko, kila msikiti una watu wake wawili watatu wanaojulikana kwa kuosha maiti, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake. Majina yao imamu anayajua, mganga mkuu wa wilaya hayajui.